Nyumba ya Toronto Ambayo Hatuna

Mlango 1407,
Etobicoke,
Toronto, Kanada.

24 Januari 2016

Mpendwa Kaka Elias,

Bwana Yesu asifiwe, Kaka. Nakuandikia nikiwa meza ya jikoni, koti mwilini, maana kipasha joto cha nyumba hii kinafanya kazi kinapojisikia. Habari za Tengeru? Wifi Anandumi hajambo? Goti la Mama linaendeleaje, zile dawa mpya zinamsaidia au bado anaamka mguu umekaza? Na wewe kifua chako je? Uliniahidi utaacha kulala dirisha likiwa wazi, na ninavyokujua bado unalala hivyo hivyo.

Sisi huku ni wazima, tunaamka na tunalala. Mpwa wako Nsia ametimiza miaka kumi na moja, viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana. Juzi ameniuliza kwa nini siku hizi naongea peke yangu nikiosha vyombo. Nilimwambia nasali, na ni kweli kwa kiasi fulani.

Sasa Kaka, kabla hujaendelea, naomba utoke hapo ulipo. Kama Mama yuko karibu, ikunje barua hii, uende ukaisomee huko bandani kwa ng'ombe. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe mwanao Gift akusomee.

Nimejaribu mara mbili kukuambia haya kwa simu. Lakini nyumbani simu yangu ikiingia mnaiweka spika katikati ya meza na kila mtu anasogeza kiti. Mara ya kwanza nilishafungua mdomo, nikamsikia Mama akisema, "Nyamazeni, mwenye nyumba anaongea," mkacheka wote, na mimi nikaishia kuuliza habari za mvua. Mara ya pili sikufika hata hapo. Ujumbe wa simu nao siwezi, kwa sababu anayekusomea ujumbe ni Gift mwenyewe. Ndiyo maana nimemwomba Sughra, yule rafiki yangu ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa Arusha mjini, akuletee bahasha hii mkononi. Anasafiri Alhamisi.

Hatuna nyumba Toronto.

Naandika tena ili usidhani kalamu imeteleza. Hatuna nyumba Toronto, hatujawahi kuwa nayo hata siku moja, na hati unayoniomba tangu tarehe kumi haipo. Hapa ninapokaa nimepanga, vyumba viwili na jiko, na mwenye nyumba simjui hata sura, naijua kampuni yake tu.

Kwenye fomu za viza za Gift umeniambia mmeandika kwamba familia inamiliki nyumba hapa na kwamba atakaa humo bure. Kaka, nakusihi, usizipeleke hivyo tarehe 15 Februari. Watu wa uhamiaji wa huku wakikuta uongo kwenye fomu hawaulizi nani aliuanzisha, wanamshika aliyesaini. Gift anaweza kufungiwa miaka mitano asiruhusiwe kuomba tena. Ada ya mwaka wa kwanza umeiweka benki kwa jasho lako, umeuza mitamba miwili, mtoto amepata chuo kwa alama zake mwenyewe, halafu yote yaharibike kwa ajili ya shangazi yake. 

Najua unachojiuliza sasa hivi. Fidia iko wapi? Na ile kodi niliyokuwa natuma kila mwezi ilitoka wapi? Nitakueleza yote, na mahali nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Unakumbuka barabara ilipopita kwenye shamba la Baba na tukalipwa milioni sitini na mbili. Wewe ulisema tukigawana watatu zitaishia kwenye michango ya harusi. Ndugu yetu Godson alitaka sehemu yake aezeke nyumba. Mimi ndiye niliyewashawishi. Nilisema nileteeni huku, ninunue nyumba ndogo ya kupangisha, kodi imtunze Mama na kusomesha watoto, na mtaji ubaki pale pale. Mkakubali kwa sababu mimi ndiye niliyesoma na niko Ulaya, kama Mama anavyopaita, ingawa Kanada si Ulaya. Zilipobadilishwa zikawa dola elfu arobaini.

Na nilikusudia kununua kweli, hilo Mungu analijua. Nilipata vyumba viwili kwenye jengo refu si mbali na hapa, mwenyewe akakubali bei, ikabaki benki inikopeshe iliyopungua. Ijumaa ile niliwapigia kwamba imebaki benki tu. Lakini Mama hasubiri benki. Kwa Mama jambo likishaombewa limekwisha. Jumapili yake alibeba mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu akaenda kutoa shukrani. Mliniambia mchungaji alivyotangaza, na jinsi kwenye mnada baada ya ibada jogoo yule alivyogombewa mpaka akafika shilingi elfu themanini, watu wanapandisha dau huku wanashangilia nyumba ya Toronto. Gift akanitumia picha. Mama amesimama katikati ya uwanja wa kanisa amevaa kitenge chake kipya, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Jumatano benki ikaniita ikasema hapana. Kazi yangu ya kuwahudumia wazee ni ya kuitwa kwa zamu, wiki hii saa nyingi, wiki ijayo chache, na mtu wa namna hiyo hawamkopeshi. Nilitoka pale nikakaa kituo cha basi, mabasi manne yakapita. Nilikuwa naiangalia ile picha kwenye simu. Nimwambie nini Mama? Usharika mzima umeshashukuru, jogoo ameshaliwa. Nikajisemea sitawaambia kwanza, nitatafuta kitu kingine kinacholeta pesa kila mwezi, nitakiita nyumba kwa muda, na benki ikikubali baadaye nitanunua nyumba ya kweli na hakuna atakayejua. Kaka, kila uongo niliokuambia tangu siku ile umezaliwa na huo.

Wakati huo huo kulikuwa na mafunzo ya bure kwenye maktaba ya huku, Jumamosi asubuhi, ya watu wanaoanza kuwekeza. Mwalimu ni Mzee Mehboob, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza, alikuwa mhasibu mpaka alipostaafu. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, na akisikia mtu anatoka Tanzania humvutia kiti mbele. Somo la kwanza lilikuwa juu ya mifuko inayouzwa kwenye soko la hisa, wenyewe wanaiita ETF. Nikueleze alivyonieleza. Badala ya kununua hisa za kampuni moja, unanunua kipande cha mfuko, na mfuko huo ndani yake una hisa za kampuni nyingi. Kampuni zikipata faida zinatoa gawio, mfuko unalikusanya na kukupa sehemu yako kulingana na vipande vyako. Kipande unaweza kukiuza siku yoyote soko likiwa wazi. Na ipo mifuko iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya watu wanaotaka gawio kubwa, mingine inalipa kila mwezi.

Kila mwezi, Kaka. Niliposikia hivyo sikusikia tena kingine. Nikaona kodi ya nyumba inaingia bila mpangaji wa kugombana naye.

Mzee Mehboob alisema tusinunue chochote mpaka tupate somo la pili, la kutuonyesha gawio linatoka wapi. Jumamosi ya somo la pili kazini wakaniita zamu ya ziada, dola mia moja na ishirini. Nikaenda kazini. Nilijiambia nimeshaelewa la muhimu.

Usiku ule nilifungua akaunti kwenye kompyuta, nikatafuta orodha ya mifuko ya gawio, nikaipanga kuanzia inayolipa asilimia kubwa kushuka chini. Nikachukua wa juu kabisa. Sikuuliza kwa nini huu unalipa karibu kumi na moja kwa mia wakati mingine yenye kampuni zile zile za heshima inalipa nne. Nilijiona nimewazidi akili waliochukua ile ya nne kwa mia. Nilinunua vipande elfu mbili, kila kimoja dola ishirini, shamba la Baba lote likaingia mle kwa kubonyeza mara moja. Mfuko wenyewe karibu wote ulikuwa kampuni za mafuta na gesi. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa na sikulisoma.

Na kweli ulilipa. Dola mia tatu na sitini kila mwezi, tarehe ile ile. Nikawa nawatumia mia tatu na hamsini, nasema kodi imeingia. Uliniuliza wapangaji ni watu wa namna gani, nikakuambia ni mke na mume wanaofanya kazi hospitali, watulivu. Niliwatunga, Kaka. Uliponiuliza tena nikasema wamepata mtoto.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipopotea, na nadhani wengi wetu tungepotea hapa hapa. Mtu mwenye nyumba Tengeru haamki asubuhi akajiuliza nyumba yake leo inauzika bei gani. Anauliza kodi imeingia au haijaingia. Basi na mimi niliuangalia ule mfuko kwa macho hayo. Zaidi ya mwaka mzima sikuangalia bei ya kipande, niliangalia gawio tu, na gawio lilikuwa linaingia. Bei niliona ni habari za wanaotaka kuuza.

Mwisho wa mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Kipande cha dola ishirini kikawa dola kumi na nne. Nilifungua ile orodha nikaona mfuko wetu sasa unalipa zaidi ya kumi na tano kwa mia, nikafurahi. Nilifurahi, Kaka! Sikuelewa kwamba asilimia imepanda kwa sababu bei imeanguka, gawio lenyewe halikuongezeka hata senti. Nikachukua akiba yangu mwenyewe, dola elfu nne na mia mbili nilizoziweka kwa ajili ya meno ya Nsia, nikanunua vipande mia tatu zaidi. Jioni ile nilipika pilau.

Aprili wakakata gawio nusu. Oktoba wakalikata tena. Kutoka mia nne na kitu nilizokuwa napata na vile vipande vya akiba, sasa inaingia mia moja na kumi na tano. Bei ya Ijumaa iliyopita ilikuwa dola sita na senti themanini. Vipande elfu mbili vya fidia leo vina thamani ya dola elfu kumi na tatu na mia sita. Hiyo ndiyo fidia ya shamba la Baba iliyobaki. Ukichanganya na vyangu inafika elfu kumi na tano na mia sita arobaini.

Tangu Aprili kiasi kilichopungua nimekuwa nakijaza kutoka kwenye mshahara wangu ili mia tatu na hamsini zifike kama kawaida. Naingia zamu mbili kwa siku, nanyanyua wazee, nawageuza, nawaogesha, mgongo umeanza kunikatalia. Nsia anakula maharage siku nne kwa wiki na anaamini ndivyo Watanzania wote wanavyokula. Sikuambii hivi unionee huruma. Nakuambia ili ujue kwamba dawa za Mama za mwezi huu hazikutoka kwenye kodi yoyote.

Halafu ukapiga simu tarehe kumi, umefurahi, unasema chuo kimemkubali Gift na unataka nakala ya hati ya nyumba uiambatishe, wa viza waone kwamba sisi si watu wa kubahatisha. Nikakujibu ninaitafuta. Nilipokata simu nilikwenda bafuni nikafungua maji yatoe sauti Nsia asinisikie.

Jumamosi iliyofuata nilikusanya makaratasi yote nikampelekea Mzee Mehboob pale maktaba, baada ya wanafunzi wake kuondoka. Aliyapitia taratibu na kalamu ya risasi. Kisha akaniuliza, "Binti, mlikuwa mnatumia hii income yote?" Nikamwambia yote. Akavua miwani. "Basi sikia. Hii si profit yote. Angalia hapa, na hapa. Hizi walikuwa wanakurudishia pesa yako mwenyewe. Kampuni hazikuingiza cash ya kutosha kulipa kumi na moja, kwa hiyo mfuko ulilipa kutoka mfukoni mwako."

Ilibidi anirudie mara tatu. Kaka, sehemu ya ile kodi mliyokuwa mnaishukuru ilikuwa shamba lenyewe la Baba, nawatumia kidogo kidogo. Nilikuwa kama mtu anayekamua ng'ombe na huku anamkata nyama. Makaratasi ya kodi ya serikali yalikuwa yakiniambia hivyo kila mwaka, nami nilikuwa nayaweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya friji.

Nilimwuliza niuze au nisubiri. Alikataa kunijibu. Alisema, "Ungekuwa na cash hii mkononi leo, hujawahi kuusikia mfuko huu, ungeununua?" Nikasema hapana, hata kwa kulazimishwa. Akasema, "Umeshajijibu, lakini hela si zako peke yako. Kaulize wenyewe."

Ndiyo nakuuliza sasa. Mara kumi wiki hii nimefungua akaunti nikafika mpaka pale pa kubonyeza "uza", nikaondoa mkono. Tukiuza leo, hasara inakuwa ya kweli na hatutairudisha. Tukisubiri, mafuta yanaweza kupanda, na yanaweza pia kushuka mpaka tusibakiwe na kitu, na gawio linaweza kufutwa kabisa. Hakuna anayejua, na anayesema anajua anauza kitu. Nilidanganya peke yangu, sasa kuuza sitaki kuamua peke yangu tena. Zungumza na Godson. Mkisema tuuze, nauza siku hiyo hiyo. Mkisema tusubiri, nitasubiri na nitawaandikia bei kila Ijumaa, iwe nzuri au mbaya.

Ukitaka kujua mawazo yangu, mimi ningeuza. Na vile vipande mia tatu vya akiba yangu navyo niviunganishe humo humo, ni vyenu. Godson apate kwanza fedha ya mabati, maana mimi ndiye niliyemfanya alale chini ya turubai misimu mitatu ya mvua. Godson hajawahi kuniuliza hata mara moja, na hilo linaniumiza kuliko kama angenitukana.

Jana nimekwenda kwenye somo la pili, lile nililoliacha mwaka 2013. Nilikaa nyuma. Mpe Gift haya niliyoyasikia, maana anakuja kusoma biashara na sitaki ayajue kwa njia niliyoyajulia mimi. Mfuko wenye gawio kubwa si mbaya kwa sababu ni mkubwa, lakini mtu akikuahidi mara mbili ya wenzake, muulize anatoa wapi. Soma ndani ya mfuko mna kampuni gani na kama zote zinategemea kitu kimoja, kama wetu ulivyotegemea mafuta. Angalia bei na gawio kwa pamoja, kwa miaka kadhaa nyuma, uone kama bei inaliwa ili gawio lilipwe. Angalia na ada wanayokukata. Na pesa ambayo mtu ataihitaji kununulia dawa mwezi ujao haipaswi kuwa sokoni kabisa. Mzee aliyekuwa amekaa jirani yangu alikuwa anatikisa kichwa kila linaposemwa neno, nadhani naye ana mfuko wake juu ya friji.

Usimwambie Mama kwa ghafla, Kaka, pressure yake unaijua. Lakini usimfiche pia. Nimeshaona kufichana kumetufikisha wapi. Mia tatu na hamsini zake zitaendelea kuja nikiwa na nguvu, ila kuanzia mwezi ujao mwambieni ni mshahara wa Josephine. Najua kanisani watauliza, na najua atakayeanza kuuliza ni nani. Mwambie Mama kama anataka nitamwandikia mchungaji mimi mwenyewe, niseme Mama alishukuru kwa moyo safi na aliyekosa ni mimi.

Sasa kuhusu Gift. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi mbili. Ya kwanza ni nakala ya mkataba wangu wa upangaji. Ya pili ni barua niliyoiandika kwa watu wa viza na kuisaini mbele ya mwanasheria, inayosema kwamba mimi ni shangazi yake, sina nyumba, nimepanga, na kwamba nitampokea. Atalala na Nsia, mimi nitalala kwenye kochi la sebuleni, nimeshalijaribu, linalalika. Kaeni chini mwandike fomu upya kwa karatasi hizi. Huenda wakamnyima, maana mpangaji anayelipwa kwa zamu si mdhamini wa kujivunia. Wakimnyima kwa ukweli anaweza kuomba tena mwakani, wala hakuna kufuli la miaka mitano. Na kama barua hii itakukuta umeshazipeleka, nenda siku hiyo hiyo uziondoe, usisubiri kuniuliza.

Sikuombi unisamehe leo. Ninaomba tu usiache kunipigia. Nikiona simu yako imekaa kimya wiki nzima nitajua umesoma, na nitakuwa namwogesha mzee wa watu huku nasikiliza mfukoni. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, ila piga. Maji yamenifika shingoni, Kaka, na sina mtu mwingine wa kumwambia kwa lugha hii nikaeleweka.

Nisalimie Mama, umshikie lile goti kwa niaba yangu. Nisalimie wifi Anandumi, na Godson na mkewe, uwaambie barua yao naiandika, bado natafuta pa kuanzia. Nisalimie Gift, umwambie shangazi anampongeza kwa alama zake. Mjomba Zephania kama bado anakuja Jumapili kunywa chai, msalimie pia, lakini yeye usimwambie kitu, tutasikia habari zetu sokoni.

Mungu awalinde nyote, ampe Mama usingizi, na akupe wewe uvumilivu wa kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Mdogo wako anayekupenda, hata kama leo wewe huwezi,

Josephine,
mpangaji, mlango 1407.